Sikukuu ya Wafalme Watatu kwa Familia za Kilatino: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Januari ikiingia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Mtu amealikwa kwa jirani Mmeksiko "kukata mkate". Hajui ni mkate gani, hajui aende na nini mkononi, na tayari kuna aliyemtisha kwamba akikuta kidoli ndani ya kipande chake, atadaiwa. Parokia yetu hapa Texas tunasali mchanganyiko: Wameksiko ndio wengi, halafu Wakongo, Warundi, na sisi Watanzania wachache. Nimeyakusanya maswali yenu hapa ili mwakani nitume hii tu, nikapumzike.

Kwanza, hii ni sikukuu gani?

Ni ileile Epifania, Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari. Kihispania wanaiita Día de Reyes, Siku ya Wafalme. Somo lake ni Mathayo 2:1–12, mamajusi wanaifuata nyota mpaka kwa mtoto Yesu na kumtolea dhahabu, uvumba na manemane.

Kwetu tunaisali Jumapili, padre anahubiri habari za nyota, tunarudi nyumbani kuwaza ada, maana shule zinafunguliwa. Kwa wenzetu hawa ndiyo kilele. Kwa familia nyingi za Meksiko, Puerto Rico na Hispania, zawadi za watoto haziletwi na mzee wa ndevu nyeupe tarehe 25 Desemba. Zinaletwa na hao wafalme, usiku wa tarehe 5 kuamkia 6.

Angalia pia kwamba Misa na mkate vinaweza visiangukie siku moja. Marekani na Meksiko Kanisa linaiadhimisha Epifania Jumapili, lakini mkate nyumbani unakatwa tarehe 6 hata ikiwa Jumanne na watu wametoka kazini wamechoka.

Unaposema "Walatino" unamaanisha nani hasa?

Watu wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania za Amerika, na hapa namweka na Mhispania mwenyewe kwa sababu sikukuu hii ilitoka kwake. Lakini usiwachanganye. Ukimwuliza Mpuerto Rico habari za tamales (unga wa mahindi wenye nyama ndani, uliofungwa kwenye ganda na kupikwa kwa mvuke) za Februari atakushangaa kama mtu wa Bukoba aliyeulizwa mapishi ya Pemba. Mengi ninayoeleza hapa ni ya Kimeksiko, kwa kuwa ndio majirani zetu. Ya wengine nitayataja kwa majina yao.

Mbona wanasema "wafalme" wakati Biblia inasema mamajusi? Na nani alisema walikuwa watatu?

Mathayo hakusema wafalme, hakusema watatu, hakutaja majina, wala hakutaja ngamia. Zawadi ni tatu, basi watu wakahesabu watu watatu. Ufalme ulitoka kwenye Zaburi ya 72, inayosema wafalme wa Sheba na Seba wataleta zawadi. Ngamia walitoka Isaya 60:6, penye misafara ya kutoka Sheba yenye dhahabu na ubani. Majina yao yapo kwenye picha za vijiwe ukutani katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, Ravenna, Italia, kazi ya karne ya 6. Tangu mwaka 1164 masalia yanayoaminiwa kuwa yao yako Köln, Ujerumani.

Kihispania ni Melchor, Gaspar na Baltasar. Msiwaone wageni hao. Nenda Rombo au Kibosho uite "Melkiori!" sokoni uone wangapi watageuka. Warundi wa parokia yetu nao hawahitaji kukumbushwa jina la Rais Melchior Ndadaye.

Na huo ubani msiupite haraka. Ulitoka kusini mwa Uarabuni na Pembe ya Afrika, na mpaka leo ule wa Dhofar, Oman, unasifika hadi Zanzibar. Lugha yetu ikaongeza jambo: ubani ni wa kufukiza, na ubani ni kile unachompelekea mfiwa mkononi. Zawadi inayojua kuwa kesho zamu ni yako. Nimewahi kumweleza hivyo jirani yangu wa Puebla, Meksiko, akaniambia, "Basi rosca utaielewa," yaani huo mkate unaokatwa.

Watoto wanafanya nini usiku wa tarehe 5?

Wanaandika barua kwa Wafalme. Meksiko wengine huifunga barua kwenye puto na kuliachia lipae. Kisha wanaweka viatu vyao dirishani, mlangoni au chini ya mti wa Noeli, na asubuhi zawadi zinakutwa hapo. Viatu ndiyo sahihi ya mtoto, kwamba hiki ni changu, Wafalme msikosee.

Lakini si kupokea tu. Wageni wamesafiri mbali na wanyama wao wana njaa. Puerto Rico mtoto anatoka na boksi la viatu kukata nyasi, analijaza na kuliweka chini ya kitanda. Argentina wanaweka nyasi na maji nje. Hispania wanaacha maji kwa ngamia na kinywaji kidogo kwa wafalme wenyewe. Asubuhi nyasi zimetawanyika sakafuni kama zilizoliwa kwa pupa, na baba mtu ana usingizi ajabu.

Hapo ndipo sikukuu hii iliponikamata mimi. Mtoto wa miaka mitano anafundishwa kwamba mgeni anayemletea zawadi ni msafiri, na msafiri hulishwa kwanza, hata mnyama wake. Bibi yangu angekubaliana na hilo bila kuuliza dini.

Rosca ni nini, na inakatwaje?

Rosca de Reyes ni mkate mtamu wa mviringo wenye tundu katikati, umbo la yai, mkubwa kiasi cha kujaza sinia. Unga wa ngano, mayai, siagi, sukari na maganda ya chungwa yaliyokwanguliwa. Juu kuna mistari ya donge la sukari, tini, na vipande vya matunda yaliyogandishwa kwa sukari, vyekundu na vya kijani. Watasema ni vito kwenye taji la mfalme. Zamani walipamba pia na acitrón, iliyotengenezwa kwa aina ya dungusikakati iitwayo biznaga. Mmea huo huchukua miongo kukua na sasa unalindwa na sheria ya Meksiko, kwa hiyo waokaji waungwana wametumia kitu kingine.

Ndani ya unga umefichwa mtoto. Kidoli cha plastiki nyeupe, urefu wa kama kiungo cha kidole. Zamani kilikuwa cha kaure. Mkate mkubwa huwa na vidoli kadhaa.

Kukata kuna utaratibu. Mwenye nyumba hawakatii watu. Kila mmoja anashika kisu na kujikatia mwenyewe mbele ya wote, kwa sababu hii ni bahati nasibu na hakuna anayetaka kusema alipangiwa. Mara ya kwanza nilipoalikwa tulikuwa kama watu kumi na wanne jikoni. Chokoleti ya moto ilikuwa inapekechwa kwenye sufuria kwa mti wenye kichwa cha nakshi, viganja viwili vikiuzungusha kama upekecho, mpaka povu lipande. Kelele tupu. Kisu kikimfikia mtu, kimya. Anachagua mahali, anaingiza kisu polepole, anasikiliza kwa vidole. Akigusa kitu kigumu utamwona anakihamisha kisu sentimita mbili kando, kisirisiri, na jikoni zima linapiga yowe, "Hapo hapo! Usihame!" Babu mmoja alikata kipande chembamba kama karatasi, akazomewa mpaka akaongeza.

Mimi nilikata kwa kujiamini, na miguu miwili midogo ikachungulia kutoka kwenye mkate.

Kwa nini mtoto anafichwa ndani ya mkate?

Maelezo utakayopewa mezani ni Herode. Mfalme alitaka kumwua mtoto, wazazi wakakimbia naye Misri, basi mkate unamficha na kisu ndicho upanga wa Herode. Unaposikia hivyo huku umeshika kisu, mkono unakuwa mzito kidogo.

Desturi yenyewe ya kuficha kitu ndani ya keki ya Epifania ni ya Ulaya, na kilichofichwa kilikuwa haragwe. Hispania bado lipo. Katika roscón yao kuna haragwe kavu na kuna kisanamu. Anayepata kisanamu anavishwa taji la karatasi, anayepata haragwe analipia mkate. Meksiko walichukua adhabu ya haragwe wakaigeuza heshima. Anayempata mtoto amempata Mtoto, kwa hiyo anakuwa kama baba au mama yake wa ubatizo, na mzazi wa ubatizo ana majukumu.

Majukumu gani? Ni kweli nitadaiwa?

Kweli kabisa. Unadaiwa tamales, kwa watu wote waliokuwepo, tarehe 2 Februari.

Mkiwa watatu mliopata vidoli mnagawana: mmoja tamales, mmoja atole (uji mwepesi wa mahindi wenye sukari na mdalasini), mmoja vinywaji vingine. Kuna wanaokificha kidoli mkononi, kuna wanaokirudisha kwenye mkate wakidhani hawakuonwa. Mabishano ya "ulikuwa nacho wewe" yanaweza kufika Februari yenyewe. Lakini sijaona anayekataa waziwazi. Kukataa ni kama kula michango ya watu na kukimbia zamu yako.

Wenzetu wa vyama na vikoba wataelewa haraka kuliko mtu yeyote. Sherehe ya leo inazaa sherehe ya baadaye, na aliyechaguliwa kudaiwa hakuchaguliwa na kamati bali na kisu chake mwenyewe.

Tarehe 2 Februari kuna nini?

Ni siku ya 40 tangu Noeli, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni (Luka 2:22–40). Mzee Simeoni alimpakata mtoto na kumwita mwanga wa mataifa, ndiyo maana mishumaa hubarikiwa siku hiyo, na ndiyo maana Kihispania inaitwa Candelaria.

Nyumba nyingi za Kimeksiko haziondoi pango la Noeli mpaka siku hii. Kwa hiyo ukiingia sebuleni mwisho wa Januari ukakuta kondoo wa udongo na taa za rangi bado zinawaka, usidhani ni uvivu. Sanamu ya Mtoto Yesu, Niño Dios, inalala pangoni tangu usiku wa Noeli na "haijainuliwa". Tarehe 2 inainuliwa, inavishwa nguo mpya, inawekwa kwenye kiti kidogo au kikapu, na kupelekwa kanisani ibarikiwe. Aliyepata kidoli mara nyingi ndiye anayenunua nguo na kumbeba.

Nguo hizo zina soko lake. Mexico City, mtaa wa Talavera karibu na La Merced, mafundi wanashona na kuuza mavazi ya Niño Dios, na Januari yote watu hubeba watoto wao wa udongo kwenda kupimiwa. Wengine wanavisha nyeupe tupu, wengine mavazi ya mtakatifu fulani, wengine koti la daktari kwa sababu ya mgonjwa nyumbani, na wengine jezi ya timu ya taifa. Kwa jezi mapadre hukunja uso. Mimi ile ya daktari inanigusa.

Na hiyo habari ya mtoto anayehama nyumba kila mwaka?

Huyo ni Niñopa wa Xochimilco, kusini mwa Mexico City, na mngemwuliza mwenye kumjua vizuri angeongea mpaka alfajiri. Ni sanamu ya mbao ya Mtoto Yesu yenye zaidi ya miaka 400. Hakai kanisani. Anakaa kwa mtu. Kila tarehe 2 Februari anakabidhiwa mwenyeji mpya, mayordomo, ambaye atamtunza mwaka mzima: kumvisha, kumlaza usiku, kumtoa asubuhi, na kufungua mlango kwa yeyote anayekuja kumwona. Na anayekuja analishwa. Familia hujiandikisha miongo kadhaa kabla, kiasi kwamba wapo wanaopokea zamu iliyoandikishwa na mzazi aliyekwisha kufa. Wengine hujenga chumba kizima kwa ajili ya mwaka huo mmoja.

Nilipoelezwa mara ya kwanza nilipiga hesabu ya gharama. Aliyekuwa ananieleza alinitazama akasubiri nimalize.

Wapuerto Rico wanafanyaje?

Kwao tarehe 6 ni siku ya mapumziko, na wafalme wengi hupanda farasi badala ya ngamia. Utawaona hivyo kwenye sanamu za mbao, santos de palo, zinazochongwa kisiwani kwa vizazi. Katika nyingi ya sanamu hizo mfalme mweusi ni Melchor, si Baltasar kama kwingine, naye hukaa katikati. Mji wa Juana Díaz, kusini, unasifika kwa maandamano yake ya Wafalme.

Mambo mawili ya kwao nayapenda zaidi. La kwanza ni promesa de Reyes, na hapa Kiswahili kina neno lake bila kutafuta: ni nadhiri. Mama aliahidi kwamba mwanawe akipona, kila mwaka ataimbisha rosari kwa heshima ya Wafalme. Mtoto akapona. Basi usiku wa tarehe 5 nyumba inafunguliwa, cuatro (gitaa dogo la kwao) na güiro (kibuyu cha kukwanguliwa) vinapigwa, majirani wanaimba mafumbo ya rosari hadi usiku mkuu, na mwenye nadhiri analisha wote. Akifa, watoto huirithi.

La pili ni parranda. Kundi linakuja kimya kimya mlangoni kwako mmelala, halafu linalipuka kwa nyimbo na ngoma. Unaamka, unafungua, unawapa chakula na kinywaji, kisha unavaa viatu na kwenda nao kumwamsha mwingine. Kundi linakua nyumba kwa nyumba. Tena kwao sikukuu haiishi tarehe 6. Wanaongeza siku nane, octavitas.

Ni kweli Waafrika walikuwa na sehemu yao katika sikukuu hii?

Kweli, na ni sehemu nzito. Havana, Kuba, katika karne ya 19, tarehe 6 Januari ndiyo siku Waafrika waliokuwa watumwa waliruhusiwa kutoka barabarani kwa mataifa yao, Wakongo, Walukumi (ndio Wayoruba) na wengineo, kila kundi na ngoma zake, vinyago vyake na mfalme wake. Walicheza mpaka kwenye kasri la gavana na kupewa aguinaldo, bahshishi ya sikukuu. Siku moja katika mwaka mfalme alikuwa Mwafrika, na aliyempiga jana alimpisha njia. Ilizimwa miaka ya 1880; utumwa wenyewe ulifutwa huko mwaka 1886. Katika mila za wazao wa Wakongo hao neno nganga liko hai hadi leo, na Mswahili yeyote atamsikia mganga ndani yake.

Montevideo, Uruguay, tarehe 6 ngoma za candombe hupigwa mitaa ya Barrio Sur na Palermo kwa heshima ya San Baltasar, mfalme mweusi ambaye wazao wa Waafrika walimfanya wao. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa sheria ya nchi hiyo, iliyoyaondoa majina ya dini kwenye kalenda mwaka 1919, siku hii inaitwa Siku ya Watoto. Ngoma hazikupewa taarifa. Na Pasto, Kolombia, kuna kanivali la tarehe 5 na 6, Weusi na Weupe, ambalo watu wanalisimulia kuwa lilianzia kwenye siku ya mapumziko ya watumwa. UNESCO ililiingiza kwenye orodha yake mwaka 2009, mwaka uleule na candombe.

Kuna upande unaouma. Hispania, katika maandamano ya Wafalme, kwa miaka mingi Baltasar alikuwa diwani mzungu aliyepakwa masizi usoni. Watoto wa wahamiaji wa Kiafrika walikuwa wanasimama pale pale wakimtazama. Siku hizi miji kama Madrid imeanza kumpa nafasi hiyo mtu mweusi wa kweli, na bado kuna wanaonung'unika kwamba ni kuvunja mila. Kwangu hilo halina mjadala. Mfalme wetu yupo, mpeni nafasi yake, masizi mpeleke jikoni.

Hayo maandamano ya Hispania yakoje?

Yanaitwa cabalgata, jioni ya tarehe 5. Ya Alcoy, mkoa wa Alicante, yana kumbukumbu tangu 1866 na yanatajwa kuwa makongwe kuliko yote. Wafalme hupita juu ya magari yaliyopambwa wakirusha peremende kwa konzi. Watu wazima hufungua miavuli na kuigeuza juu chini ili kuzidaka, na hapo usisimame nyuma ya bibi mwenye mwavuli, hutapata kitu. Mtoto mtukutu anaahidiwa makaa ya mawe badala ya zawadi. Maduka huuza makaa ya sukari nyeusi, kwa hiyo hata adhabu inatafunwa.

Kwa Wadominikani, watu wa Jamhuri ya Dominika, nimesikia kuna bibi kizee. Ni nani?

La Vieja Belén. Anakuja siku chache baada ya Wafalme kuwaletea zawadi watoto ambao Wafalme "hawakuwafikia". Maana yake iko wazi: baada ya sikukuu bei za vitu vya kuchezea hushuka, na mzazi ambaye hakuwa na hela tarehe 5 anapata nafasi ya pili bila mtoto kujiuliza amekosa nini. Sijui kama kuna mtakatifu wa kanisani aliyebuniwa kwa huruma kama bibi huyu wa mtaani.

Je, Santa Claus hawamjui?

Wanamjua sana, hasa kaskazini mwa Meksiko na hapa Marekani. Nyumba nyingine huwa na vyote viwili, kitu kikubwa Noeli na kidogo kwenye kiatu. Wameksiko wenyewe hutania kuhusu "marathoni ya Guadalupe hadi Reyes", kutoka sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe tarehe 12 Desemba hadi tarehe 6 Januari bila kupumzika. Wazazi ndio wakimbiaji.

Je, kuficha mtoto kwenye mkate na kuvisha sanamu si ushirikina?

Swali hili huletwa na ndugu zetu waliohamia makanisa mengine, na mara moja au mbili na watu wa ndani. Jibu langu fupi ni hapana. Kanisa halimlazimishi mtu kuamini chochote kuhusu mkate. Hakuna anayeuombea mkate. Kuhusu sanamu, wapo wanaozidisha, kama kila mahali. Lakini mtazame mtu wa miaka sitini anavyompakata Niño Dios kwenda kanisani, kiganja chini ya kisogo cha udongo kama anayeshikilia shingo ya mtoto mchanga, halafu uniambie ni uchawi. Anafanya alichofanya Simeoni.

Ile keki ya Louisiana yenye kidoli ni hiyohiyo?

Binamu yake. Ile ya New Orleans ina asili ya Kifaransa na inaliwa kuanzia Epifania mpaka kabla ya Kwaresima. Anayepata kidoli pale ananunua keki inayofuata. Usimwambie Mmeksiko kuwa ni kitu kimoja.

Nimealikwa. Niende na nini, na nizingatie nini?

Usiende na rosca nyingine bila kuuliza. Utakuwa umeongeza vidoli, yaani madeni. Maziwa, chokoleti, matunda au vitumbua vyako vinatosha. Mimi nilipeleka maandazi ya iliki na yaliisha kabla ya mkate. Jikatie kipande cha heshima. Tafuna polepole, hasa watoto, maana vidoli vimewahi kumezwa. Na usitoroke kabla kidoli cha mwisho hakijapatikana, watakushuku.

Kama unakuja na ndugu Mwislamu, mkate wenyewe mara nyingi ni wa siagi, lakini wapo wanaotumia mafuta ya nguruwe, hivyo uliza. Tamales za Februari karibu zote zina mafuta hayo. Wenyeji hawakasiriki ukiuliza, na wengi watatenga za jibini au maharage.

Nimepata kidoli na sijui hata tamales zinafungwaje. Nifanyeje?

Unaweza kununua. Kila mji wenye Wameksiko una mama anayepika kwa oda, na wiki ya mwisho ya Januari anakuwa na foleni, kwa hiyo agiza mapema. Hesabu mbili au tatu kwa kila mtu, kisha ongeza dazeni moja.

Mimi nilikwenda kwa jirani yangu kumwuliza bei, akanifungia mlango kwa ndani na kunipa aproni. Tuliloweka maganda ya mahindi kwenye maji moto mpaka yakalainika kama kitambaa. Unga wake si unga wetu wa sembe. Mahindi yamechemshwa na chokaa kwanza, ndiyo maana unanukia tofauti. Alidondosha tonge dogo kwenye glasi ya maji. Likizama, endelea kupiga unga. Likielea, tayari. Tonge langu lilizama mara tatu. Paka unga kwenye ganda, weka nyama ya pilipili nyekundu katikati, kunja, kunja tena, pindua mkia. Watu wa Oaxaca hufungia kwenye jani la mgomba, na nilipomwambia kwetu tunalijua jani hilo alisema basi mwaka ujao tutafunga kwa jani.

Chini ya sufuria ya mvuke aliweka sarafu moja. Maji yakichemka sarafu inagongagonga. Ikinyamaza, maji yameisha, ongeza. Tulikaa pale mezani tukiongea habari za wanetu huku tunaisikiliza ile sarafu, kama saa moja na nusu. Ikinyamaza tu, anainuka yeye. Baadaye nikawa nainuka mimi.

Kidoli bado ninacho, kiko kwenye kabati la vyombo, ndani ya kikombe cha kahawa.